Daktari Alisema Tumbo la Mtoto

Siku ile kwa daktari tulikuwepo hawa. Mimi Agnesi, mjane wa Bura, wa Nakwa hapa Babati. Mwanangu Paskali, dereva wa bajaji. Mke wake Veronika, ambaye nyumbani tunamwita Mama Fabiola. Fabiola mwenyewe, mjukuu wangu, amebebwa mgongoni ingawa miguu yake ilikuwa imeshafika magotini pa mama yake. Daktari Elihuruma, kijana mwenye sauti ya chini. Nesi Joisi, aliyekuwa anaandika kwenye kadi. Na kwenye benchi la mlangoni alikuwepo Mama Ezekieli, Mbarbaig wa upande wa Hanang, aliyekuja na mwanawe akawa anangoja zamu. Mlango haukufungwa, kwa hiyo naye namhesabu.

Wifi yangu Tekla, dada wa marehemu mume wangu, anayekaa Bagara, hakuwepo. Hilo nalisema mapema.

Shule niliishia darasa la nne, lakini majina ya watu hayanitoki. Mama Debora wa jumuiya yetu ana mtoto wa namna ya Fabiola, bado mdogo, naye aliniomba niandike. Alisema, "Bibi, wewe umeshapita. Sisi tuambie kulivyo huko mbele." Nikamwambia huko mbele si kuzuri sana. Akasema hata hivyo. Basi naandika.

Fabiola alizaliwa wakati wa kupalilia mahindi, mtoto mzima, mwenye kulia kwa nguvu. Alinyonya, alikaa, alitembea. Na alisema, jamani. Asije mtu akawaambia hakuwahi kusema. Alisema baba, alisema maji, alisema kuku, na mimi aliniita Bi, akiishia hapo hapo. Kisha yakaja mavuno ya mbaazi, na yale maneno yakaanza kumtoka moja moja. Baba likaondoka. Maji likaondoka. Bi sikumbuki liliondoka lini, kwa sababu siku nilipolisikia mara ya mwisho sikujua kama ni ya mwisho. Kuku ndilo lililobaki siku nyingi, peke yake, akawa anasema kuku hata anapotaka uji. Halafu nalo likaenda.

Akawa anatembea kwa ncha za vidole. Anazungusha mfuniko wa sufuria sakafuni, halafu analala na kuweka sikio chini, asikilize unavyotulia. Pikipiki ikipita anaziba masikio na kulia. Ukimwita haangalii, lakini ukifungua mfuko wa mkate chumba cha pili, ameshafika. Hospitalini walitupa jina, wakasema ni usonji. Nililishika siku ile ile. Lakini kupata jina si kupata dawa.

Sasa tumbo. Watu wanaona aibu kuandika habari za choo. Mimi nimelea watoto na nimeosha wagonjwa, sioni aibu. Fabiola alikuwa hapati choo. Tumbo linajaa, linakuwa gumu kama ngoma iliyowambwa, siku zinapita, halafu kinatoka kidogo kama cha mbuzi, kina damu juu yake. Na hakuwa na neno la kusema panauma. Alichofanya ni kwenda kwenye gunia la mbaazi lililolazwa karibu na ukuta, analilalia kifudifudi, anajikandamiza tumbo pale na kubaki hivyo, macho wazi, bila sauti. Sisi tukadhani ni mchezo wake, kama ule wa mfuniko. Hata nikawa namwambia jirani, huyu anapenda mbaazi. Siku moja Veronika alimwinua ili aoge, mtoto akamng'ata mkono mpaka damu. Veronika hakumpiga. Alimfunua nguo, akalitazama lile tumbo, akaniambia, "Mama, huyu hachezi. Huyu anaumwa."

Ndivyo tulivyofika kwenye lile benchi.

Mama Debora, jifunze kukaa kwenye benchi la hospitali, maana utakaa. Fabiola alilia tangu getini. Alijitupa chini, akavua viatu, akaziba masikio. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akasema kwa sauti, "Mtoto wa hivyo anachapwa, mama. Mnawadekeza." Veronika aliinamisha uso. Mama Ezekieli, ambaye hata hatujajuana naye bado, akageuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Wewe unaumwa nini?"

"Goti."

"Basi na wewe tulichape hilo goti, lipone twende nyumbani."

Benchi zima likacheka, yule mzee naye akacheka mwishoni. Mama Ezekieli akasogea karibu na Veronika, akampa nafasi ya kumlaza mtoto. "Wangu naye hasemi na watu," akasema. "Anasema na ndama tu."

"Na ndama wanamjibu?" nikamuuliza.

"Kuliko mume wangu anavyonijibu mimi."

Siku ile Veronika alicheka. Nawaandikia hilo kwa sababu ni katika mara za mwisho nilizomwona akicheka hivyo, mdomo wazi, bila kuweka mkono.

Tulipoingia, daktari alipapasa tumbo la Fabiola taratibu, nesi Joisi akimwimbia sikioni. Daktari alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kutueleza, askari wa getini akapiga kelele nje, "Mwenye bajaji ya bluu! Ondoa, gari la wagonjwa linapita!" Paskali akatoka mbio. Kwa hiyo maneno haya niliyasikia mimi na Veronika, na Mama Ezekieli pale mlangoni.

Daktari alisema, "Bibi, na wewe mama, nisikilizeni. Tumbo la mtoto limejaa choo kikavu na linamuuma. Hilo nalijua, na nitalitibu. Sasa mtasikia watu wakisema tumbo ndilo linaloleta usonji. Wataalamu wanalichunguza jambo hilo, maana tumbo na ubongo hupelekeana habari, huku na huku. Lakini sina jibu la kuniruhusu niwaambie, safisheni tumbo, mtoto atasema. Hilo siwaahidi."

Veronika akauliza, "Lakini hao wataalamu hawajakataa?"

"Kukataa hawajakataa."

"Basi," akasema Veronika. Alilisema kama mtu aliyepewa kitu mkononi.

Paskali akarudi anahema, daktari akiwa anamalizia, "kwa hiyo tunaanza na tumbo." Hilo ndilo alilolikuta.

Jioni Tekla akaja kutoka Bagara kuuliza habari. Paskali alikuwa ananawa mikono.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema ni tumbo, shangazi."

Tekla akapiga kiganja juu ya goti. "Nilisema mimi! Tangu mwanzo nilisema. Katika ukoo huu wa Bura hajawahi kuzaliwa bubu. Ni tumbo." Na macho yake hayakwenda kwa mtoto. Yalikwenda kwa Veronika, palipofungwa kanga.

Ndugu zangu, Kiswahili kina tumbo moja tu. Linapokaa chakula ni tumbo, na anapokaa mtoto kabla ya kuzaliwa ni tumbo. Tunasema fulani na fulani ni wa tumbo moja, na hakuna anayefikiria ugali. Paskali alileta nyumbani neno moja, na Tekla akalichukua kwa upande wake mwingine.

Nikamwambia, "Wifi, ni tumbo la mtoto. La chakula. Nilikuwepo."

"Wewe wifi siku hizi unasikia vizuri? Padre alitangaza harambee ni Jumapili, ukaja Jumamosi umebeba kuku."

Wakacheka. Ni kweli nilikuja Jumamosi na kuku wangu. Lakini siku ya daktari nilisikia.

Veronika alikuwa jikoni anasonga ugali. Akatoka na mwiko mkononi, akasema kwa adabu kabisa, "Sawa, shangazi. Kama ni tumbo la Fabiola, litapona, na yeye atasema. Mtaona wote."

Laiti ningemziba mdomo. Pale ndipo alipojifunga mwenyewe kwa kamba ambayo daktari alikataa kuishika. Tangu siku ile, mtoto akisema, mama amebaki. Asiposema, kila mtu atajua tumbo lililosemwa ni lipi.

Tukaanza dawa. Kwanza walimwingizia maji ya dawa kwa nyuma, pale pale hospitalini, kilio chake kikasikika mpaka barabarani. Halafu dawa ya maji, tamu kama sharubati, ya kunywa kila siku. Papai. Maji mengi. Kumkalisha chooni baada ya kula hata kama hataki, akiwa ameshika mfuniko wake. Kiangazi chote tuliishi hivyo. Na ile dawa ilifanya kazi. Siku aliyopata choo laini, kikubwa, bila kulia, Veronika alipiga vigelegele uani. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Kuna nini, Mama Fabiola? Posa?"

"Mtoto kapata choo!"

"Haya, hongereni," akasema yule jirani, akarudi ndani akiwa hajui acheke au asali. Sisi tulicheka. Tulishangilia choo kama watu wanavyoshangilia bwana harusi. Fabiola aliacha lile gunia. Alilala bila kujikunja. Uso wake ukanenepa, akawa hata anakubali nimshike mkono tukienda kisimani. Tumbo lilipona. Sitaki mtu adhani nasema matibabu hayakufaa. Yalifaa kwa kile daktari alichosema yatafaa.

Kisha tukangoja neno.

Hamjaona nyumba inayongoja neno. Akikohoa, tunageuka. Akitoa sauti yoyote, Veronika anasema, "Amesema ma! Mama, umesikia? Amesema ma!" Nami nasema ndiyo, nimesikia, na sikusikia. Vuli ikaja, tukapanda, na neno halijaja. Veronika akasoma kwenye simu, kwenye kundi la akina mama, kwamba kuna watoto walioachishwa maziwa na ngano wakasema. Daktari Elihuruma alikuna kichwa. Akasema kujaribu tunaweza kwa muda mfupi, ila mtoto apate vyakula vingine na aje apimwe uzito, na tusitegemee maneno.

Chakula cha Fabiola kilikuwa mkate, ugali na maziwa. Rangi nyingine alikuwa anaitupa. Tuna ng'ombe mmoja, anaitwa Sabuni, na kila Sabuni anapokamuliwa Fabiola alikuwa anakuja na kikombe chake cha bati, anasimama. Ilikuwa ndiyo lugha yake yote, kile kikombe. Sasa tukamnyima. Tukampa uji wa mtama, akaumwaga. Tukampa mchuzi wa perege, akaunusa na kukimbia. Alikuja na kikombe bandani asubuhi na jioni, akasimama mpaka nimalize kukamua, nami nafunika ndoo kwa kanga na kupita. Baadaye akawa haji. Kikombe akakiacha juu ya kizingiti, nikawa nakiokota mimi. Nesi Joisi alipompima alisema, "Bibi, mrudishieni mtoto maziwa yake." Tukamrudishia. Anayanywa. Lakini kuja na kikombe bandani hakurudia tena, mpaka leo tunampelekea alipo. Alikuwa na njia moja ya kuomba, na ile ikafa mikononi mwetu tukitafuta nyingine.

Tekla alikuwa anafuatilia yote. Siku moja alikuja akamkuta Fabiola amekaa chooni kwa utulivu. Akamtazama, akamtazama mama yake, akasema, "Haya. Tumbo limepona. Ulimi uko wapi?"

Veronika akamfunika mtoto magoti kwa kanga.

"Si ulisema ni tumbo la huyu? La huyu limepona. Sasa limebaki lipi?"

Nilimfukuza wifi yangu siku ile, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nilimwambia, "Ondoka, chukua na mwavuli wako." Aliondoka. Neno lake halikuondoka.

Halafu ikawa kipaimara cha mjukuu wa Tekla, kule Bagara. Ni ndugu, ungekosaje kwenda? Veronika akapewa birika, awapitishie wanawake chai ya maziwa, kazi ya mke wa nyumba. Alipofika kwa Tekla, Tekla akafunika kikombe kwa kiganja. "Mimi nimeshiba." Aliyefuata naye akafunika. Na aliyefuata. Safu nzima ya viganja, watu ambao hawajanywa kitu tangu misa. Vijana hawaelewi jambo hili, niwaeleze. Siku za mama zetu, mwanamke aliyeonekana ana mkosi hakuchangia moto wala kibuyu na wenzake. Alikaa upande wake mpaka wazee waseme yamekwisha. Tulidhani desturi ile imezikwa, tumesali juu yake. Kumbe ilikuwa kwenye kiganja cha Tekla muda wote.

Mimi nilisimama nikamwambia Veronika, "Nimiminie mwanangu." Nikanywa, akamimina, nikanywa, mpaka tumbo likaniuma. Haikusaidia kitu. Bibi mmoja kunywa chai hakuondoi kiganja cha mtu mwingine.

Sikujua siku ile kwamba Veronika alikuwa mjamzito. Aliniambia masika yalipoanza, tukipepeta mbaazi za mbegu. Hakulia. Alisema, "Mama, nakwenda kwetu Dareda."

"Na Fabiola?"

Alimaliza kwanza ungo ule. Fabiola tulishawahi kumpeleka Dareda. Aligonga kichwa ukutani kwa kuwa nyumba ni nyingine, hakula, na tumbo likafunga mpaka tukamrudisha. Veronika akasema, "Tumbo hili haliwezi kukaa hapa. Na lile la Fabiola haliwezi kukaa kule."

Nikamimina mbaazi nyingine kwenye ungo.

Aliondoka asubuhi, Paskali akimpeleka na bajaji ile ile ya bluu. Fabiola alikuwa anazungusha mfuniko. Hakuinua kichwa. Nikajisemea, afadhali, hajui. Wiki ile ile tumbo lake likafunga. Dawa ilikuwa ile ile, papai lile lile, maziwa ya Sabuni yale yale. Likawa gumu kama zamani, naye akarudi kwenye gunia, akalilalia.

Nilimbeba kwa daktari peke yangu.

"Mmebadilisha chakula, Bibi?"

"Hapana."

"Nini kimebadilika?"

"Mama yake ameondoka."

Daktari Elihuruma aliweka kalamu chini. "Niliwaambia habari zinakwenda huku na huku," akasema.

Kumbe mtoto alijua. Hakuwa na neno la kusema mama amekwenda, akalisema pale pale anapoweza kulisema. Sisi tulikuwa tumekaa tukiusubiri mdomo.

Sasa amerudi kupata choo, kwa dawa, kwa shida. Maneno hakuna, na mimi nimeacha kugeuka akikohoa. Veronika alijifungua mtoto wa kiume, anaitwa Fransisko. Sijamwona. Paskali huenda Dareda Jumapili akiwa na sukari na sabuni, akirudi namuuliza, anasema, "Bado, Mama." Alikwenda kwa shangazi yake akamweleza, "Shangazi, mimi nilikuwa nje naondoa bajaji, sikusikia yote." Tekla akamuuliza, "Lakini neno tumbo ulilisikia?" Akasema alilisikia. "Basi," akasema Tekla.

Mama Debora, uliniuliza huko mbele kulivyo. Mtoto wako akiumwa tumbo, litibu kwa sababu linamuuma. Usiliwekee nadhiri. Usimwahidi mtu yeyote kwamba likipona patatokea kitu kingine, hata kama moyo unakutuma. Na mkienda kwa daktari, aliyetoka nje asiulizwe kilichosemwa ndani. Zaidi ya hapo sina la kukupa.

Siku hizi Fabiola ana jambo moja jipya. Nikikaa mkekani anakuja, ananilalia tumboni, sikio chini, kama anavyousikiliza mfuniko unapotulia. Mle ndimo alimokaa baba yake. Sijui anasikia nini. Anakaa mpaka mguu wangu unakufa ganzi, na simwondoi.

Nimemaliza. Kama nimekosea jina la mtu, au nimemweka mahali ambapo hakuwepo, anisahihishe, maana kwa umri huu kichwa si cha kuapia. Yule mzee wa goti sikupata jina lake na linanisumbua. Mama Ezekieli, habari hii ikifika kwenu Hanang, wewe ulikuwa mlangoni, sema ulichosikia. Na wewe Mama Fabiola, ulikaa karibu na daktari kuliko mimi. Kama neno lake nimelikosea, hata moja, usinipigie simu, wala usimtume Paskali. Njoo unisahihishe.